Ndege za bei rahisi tunazitaka, ila bei isemwe yote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kuhusu hizi ndege za bei rahisi, maana naona watu wamegawanyika makundi mawili na yote mawili hayajapiga hesabu mpaka mwisho. Kuna wanaosema ndege ya bei chee ni wizi mtupu bora upande basi, alafu kuna wanaoona tangazo la nauli kwenye simu wanakimbilia kulipa bila hata kusoma kule chini kumeandikwa nini. Mimi nauza mitumba Kiboriloni hapa Moshi, Dar nashuka mara kwa mara kufuata mzigo, basi nalijua, treni naijua na ndege napanda, kwahiyo haya mambo nayapigia hesabu kila nikisafiri.

Nasema mapema nimesimama wapi. Sisi wa huku kaskazini tunazihitaji hizi ndege sana, na shida yake sio kwamba ni rahisi, shida ni kwamba bei inayotangazwa sio bei unayokuja kulipa, na hamna anayewabana.

Wengi wameshasahau tulikotoka. Zamani ndege kwa mtu wa kawaida wa Moshi ilikuwa kitu cha watalii na wakubwa, wewe unaiona tu inapita juu ya migomba. Tarehe 29 Novemba 2012 shirika la bei rahisi la fastjet wakaanza kuruka Dar kuja KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, na Dar kwenda Mwanza, na Airbus A319, na kwenye huo mpango alikuwemo Stelios Haji-Ioannou, yule aliyeanzisha shirika la bei rahisi la easyJet kule Uingereza. Nauli ya kuanzia ikatangazwa shilingi 32,000 kabla ya kodi na ada. Asee elfu thelathini na mbili, watu hapa mjini hawakuamini. Lakini kilichofuata tulikiona wenyewe, wakina mama wa vitenge, vijana wa vyuo, wazee wanaoenda kliniki Muhimbili, watu ambao maisha yao yote walikuwa hawajawahi kukanyaga ndani ya ndege wakawa wanafunga mkanda na kuomba kiti cha dirishani waone mlima. Hilo ni jambo kubwa, na mtu akiniambia ndege za bei rahisi hazina maana namuuliza, hao watu wangepanda lini?

Alafu kuna hii dhana kwamba nauli ikishuka basi kuna kitu wamekipunguza kwenye injini. Hapana. Huu mtindo ulianza Marekani, shirika la Southwest walianza kuruka Texas mwaka 1971 na Boeing 737 peke yake, aina moja ya ndege, kwahiyo rubani ni wa aina moja, fundi wa aina moja na spea za aina moja. Ndege ikitua inashusha, inapakia, inaondoka, kuna wanaoigeuza kwa dakika 25 tu, maana ndege iliyosimama chini haiingizi hela. Siku moja ndege moja inapiga safari nyingi. Chakula cha bure hamna, ukitaka soda unanunua. Na kiti kikiruka kitupu ndio kimeoza, kama nyanya zilizobaki sokoni jioni, ndio maana wanaanza kuuza bei ya chini mapema ili wajue wamejaza. Ryanair wa kule Ireland wanafanya hivyohivyo, wanaruka tangu 1985 na hawajawahi kuua abiria kwa ajali ya ndege. Kwahiyo urahisi wa nauli peke yake sio hatari. Na upande wa pili nao tusidanganyane, Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyazuia mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania kuruka kwao kwa sababu ya mapungufu kwenye usimamizi wa usalama, ya bei juu na ya bei chini yote yakaingia humo. Swali la usalama linaulizwa kwa msimamizi, ukiangalia nauli hupati jibu lake.

Sasa faida. Kwangu mimi faida kubwa kabisa ni siku. Kwa basi kwenda Dar ni masaa tisa mpaka kumi na moja, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Chalinze, na ukifika Chalinze unaona umefika kumbe foleni ndio kwanza inaanza. Siku ya kwanza nashuka, siku ya pili nanunua, siku ya tatu napanda, hapo kuna gesti, kuna kula, na kibanda changu kimefungwa au nimemwachia mtu. Kwa ndege ni kama saa moja. Naondoka na mkoba tu, nashuka Dar, natoka nje barabara ya Nyerere nadaka daladala, asubuhi ileile niko kwenye magodauni nachagua belo langu, mchana nimemaliza, belo linapanda basi la usiku mimi natangulia zangu. Na kitu ambacho watu hawakizungumzii, haya mashirika ya bei rahisi ndio yaliyotuzoesha kuuziwa tiketi ya upande mmoja kwa bei yake, huko nyuma kwenye mashirika mengi ukitaka kwenda bila kurudi unagongwa bei kubwa utadhani umekosea. Sasa mtu anaenda na ndege anarudi na basi akiwa na mzigo wake, anachanganya anavyotaka. Kwa mfanyabiashara mdogo hiyo ni nafuu kubwa kuliko hata hiyo punguzo ya nauli.

Lakini hesabu ya kweli inaanzia mlangoni kwako na inaishia mlangoni unapoenda, na hapo ndio wengi wanapotea. KIA sio Moshi na sio Arusha, iko katikati huko Hai, kutoka Moshi ni kama kilometa arobaini, kutoka Arusha ni kama hamsini, alafu gari la Arusha Moshi linakushusha njia panda ya KIA, kutoka pale barabara kuu mpaka kiwanjani unatafuta bodaboda na begi lako mgongoni. Mchana sio mbaya. Ila hizi ndege za ofa nyingi zinakuja zile saa ambazo hamna mtu mwingine anazitaka, alfajiri sana au usiku. Ukitua saa nne usiku magari ya abiria yameshapungua kule barabarani, unabaki na teksi, na teksi ya usiku KIA kwenda mjini inaweza kukaribia nauli yenyewe ya ndege uliyoisifia. Watu wa Arusha wanasema si tuna uwanja wa Kisongo hapa karibu, sawa, Kisongo upo karibu lakini njia yake ya kurukia ni fupi, KIA ina mita 3,600, jeti za watu wengi zinatua KIA. Kwahiyo mtu wa Sakina au Njiro akiona nauli ya ofa aongeze na gari ya kwenda na kurudi KIA ndio aseme ni rahisi au sio rahisi. Ukiwa peke yako hesabu inauma, mkiwa wanne mnachanga teksi inakaa sawa.

Kuna kitu nilikiona KIA siwezi kukisahau. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo bibi mmoja, umri wa mama yangu, anaenda kuwaona wajukuu Dar, ana begi la mkononi la zipu, zito. Dada wa kaunta akamwambia liweke kwenye mizani, ikasoma kilo kumi na moja na kitu, mwisho ni saba. Akaambiwa alipie. Bei aliyotajiwa kwa begi lile ilikuwa sio mbali na nauli aliyokatiwa na mwanae. Bibi wa watu hakubishana, akavuta begi pembeni, akapiga magoti kwenye vigae, akaanza kutoa. Maparachichi yamefungwa kwenye gazeti moja moja, ndizi mshale, chupa ya asali imezungushiwa kanga, na kifurushi cha mahindi ya kuchoma bichi. Akawa anayapanga pale chini kama anapanga gengeni. Tuliokuwa na mikoba myepesi tukagawana, mimi nikachukua maparachichi, kaka mmoja akachukua asali wakamrudisha nayo akaiweke kwenye begi la chini kwa sababu ya kimiminika, mwisho wa siku ndizi zikabaki. Sasa mnisikilize, yule dada wa kaunta hakukosea, sheria yao ni kilo saba. Aliyekosea ni yule aliyeandika nauli kwa herufi kubwa na kilo saba kwa herufi ambazo hata mimi mwenye macho nazitafuta. Mwanae aliyekata tiketi akiwa Dar kwa simu angejua, angeongeza begi wakati anakata, maana ukilipia begi mapema ni nafuu na ukingoja mpaka kaunta wanakukamua. Na nani anatoka Kilimanjaro kwenda kwa wajukuu na kilo saba? Hamna.

Jingine ambalo linatugusa sisi zaidi ni misiba. Huu mtindo wa bei rahisi umetengenezwa kwa mtu anayejua atasafiri lini. Ukikata miezi miwili kabla unapata cha chini, ukikata kesho unapigwa cha juu, wakati mwingine sawasawa na shirika la kawaida au zaidi. Lakini hebu angalia safari zetu. Ya kwanza ni Desemba, hiyo sawa inajulikana, Wachaga wote waliotawanyika nchi hii wanajua tarehe ishirini na ngapi wanatakiwa wawe nyumbani, huyo akate mwezi wa Saba au wa Nane kweli atafaidi, maana ukifika mwezi wa Kumi na Mbili mabasi nayo yanajaa na watu wanalala stendi. Ya pili ni hospitali, mtu anapewa rufaa kwenda Muhimbili au Ocean Road, anaambiwa njoo wiki hii. Ya tatu ni msiba, na msiba hautoi taarifa. Familia inakaa kikao usiku, kesho watu wanatakiwa wawe njiani, na hapo ndio bei iko juu kabisa. Kwahiyo safari ambayo mtu hana namna ya kuiahirisha ndio anailipia ghali kuliko zote.

Na tiketi yenyewe imefungwa. Imekatwa kwa jina la kaka, kaka kaugua, ukoo umeamua aende shemeji badala yake, basi ile tiketi ndio imekufa, au ubadilishe jina kwa ada ambayo ukiangalia ni bora ukate mpya. Hata jina lisipolingana na kitambulisho ni shida, na sisi majina yetu unayajua Mhariri, kuna la ubatizo, la ukoo, la shule, kitambulisho cha NIDA limeandikwa hivi na simu imesajiliwa vile, mtu anamkatia mama mkwe wake tiketi kwa jina analomwita siku zote, wanafika kaunta wanarudishwa. Nawashauri wanaokatia wazazi wao, piga picha ya kitambulisho kwanza ndio ujaze, herufi kwa herufi.

Kuchelewa nako kuna sababu yake na ukiijua unajipanga. Ndege ileile inayokuja kukuchukua KIA jioni asubuhi ilikuwa Mwanza, mchana ilikuwa sijui wapi, ikichelewa nusu saa mara ya kwanza ule ucheleweshaji unajilimbikiza mpaka kwako. Na shirika lenye ndege chache halina ya akiba, moja ikiharibika ratiba nzima imelala. Hata mashirika makubwa yanapatwa na haya, mwishoni mwa 2022 Airbus A220 za Air Tanzania (ATCL) zilikaa chini kwa matatizo ya injini ambayo yalikumba mashirika mengi duniani yenye injini hizo. Mimi nikiwa na jambo la lazima nachukua ndege ya kwanza ya asubuhi, hiyo mara nyingi imelala hapohapo ilipo. Na sikati ndege ya jioni kama kuna nyingine ya kuunganisha usiku uleule, hasa kwa tiketi mbili tofauti, maana ya kwanza ikichelewa wa pili hakujui. Nina jirani yangu ilimkuta, shirika silitaji, alikosa safari ya nje na hamna aliyemlipa hata chai.

Kule Ulaya wana utaratibu, ndege ikifutwa bila sababu ya msingi au ikichelewa sana abiria anaweza kudai kuanzia euro 250 mpaka 600 kutegemea umbali, hata kama tiketi aliinunua kwa euro kumi. Yani urahisi wa nauli haumnyimi haki. Huku kwetu mtu akinunua tiketi ya ofa anajiona mwenyewe hana haki ya kuuliza, anaambiwa rudi kesho anarudi kesho. Tunalo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga chini ya TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kazi yake ndio hiyo, lakini ulizia hapa Kiboriloni au pale stendi wangapi wanalijua. Wangebandika tangazo lao pale kaunta za KIA, kwa Kiswahili, na namba ya simu.

Alafu kuna hili la kulipa mapema ambalo wanaosifia ofa hawalisemi. Ukinunua mwezi wa Tano tiketi ya mwezi wa Kumi na Mbili umeikopesha kampuni hela yako kwa miezi saba bila dhamana. Ikisimama je? Sio maneno ya kutishia, fastjet hiyohiyo niliyoisifia hapo juu ilisimama Desemba 2018, TCAA ikawapa notisi kwa sababu ya madeni na kukosa ndege, mwezi ambao watu wa huku wanautegemea kuliko yote. Tokea hapo tumekaa bila shirika la bei rahisi la kweli la humu ndani, tunategemea hizi ofa tu, wakati wenzetu Kenya wana Jambojet tangu 2014 na bado inaruka. Mimi sisemi watu wasikate mapema, nasema mtu aangalie kampuni ina ndege ngapi, inaruka kweli kila siku au inafuta futa, na asiweke hela ya familia nzima ya watu sita kwenye ofa moja ya shirika ambalo limeanza juzi. Na akiba ya nauli ya basi ikae pembeni.

Kwahiyo nani apande? Mwenye tarehe ya uhakika, mkoba mwepesi na mtu wa kumpokea, huyo apande asisite, ataokoa hela na siku. Mwenye mizigo, watoto wadogo na safari inayoweza kubadilika afanye hesabu mara mbili, mara nyingine shirika la kawaida linalompa kilo 23 na kubadilisha tarehe kwa ada ndogo linatoka rahisi kuliko la bei rahisi. Na asiye na haraka kuna treni ya Dar mpaka Moshi iliyorudi mwishoni mwa 2019 na ikafika Arusha mwaka uliofuata, inakwenda taratibu lakini ndizi za bibi zinafika zote.

Ninachoomba kwa wahusika ni kidogo tu. Ulaya wana sheria ya mwaka 2008 kwamba nauli ya ndege ikitangazwa lazima ionyeshwe bei ya mwisho, kodi na ada zote zikiwa ndani, sio uvutwe na namba ndogo alafu ukifika kwenye kulipa ndio VAT, ada ya kiwanja, ada ya usalama, begi na kiti vinajitokeza kimoja kimoja. TCAA na Tume ya Ushindani wakae waweke kitu kama hicho hapa, bei ya mwisho mbele, uzito wa begi mbele, na masharti ya kubadilisha tarehe na jina kwa Kiswahili kinachosomeka. Wafikirie pia nauli ya msiba, hata viti viwili tu kila safari kwa mwenye kibali cha mazishi, haitawafilisi.

Na wewe Mhariri usikae pembeni, maana haya matangazo ya nauli "kuanzia" shilingi kadhaa yanapita kwenye kurasa za magazeti yenu pia. Mnaweza kuanza nyie bila kungoja sheria, mkatae kuchapa nauli ya ndege kama bei ya mwisho na kilo za begi havipo pembeni yake kwa herufi za ukubwa uleule.

Ahsante kwa nafasi.

Muuza mitumba,
Kiboriloni, Moshi